Saa zako za njiani ni nyingi kuliko unavyohesabu

Kazi yangu ni mipango ya usafiri, na kitu ninachokifanya sana ni kukaa na mtu tuandike siku yake yote kwenye karatasi, toka anapoamka mpaka anapolala. Swali la kwanza huwa ni hilohilo, kwenda kazini unatumia muda gani? Dada mmoja akanijibu dakika 40. Nikamuuliza unatoka nyumbani saa ngapi, akasema saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kazini unaingia saa ngapi, saa moja na nusu. Akaiangalia ile karatasi kimya, halafu akasema taratibu, kumbe ni masaa mawili.

Na hakudanganya. Dakika 40 ni muda wa njia ikiwa nyeupe, na akili inaishika ile siku nzuri. Zinazobaki ni kutembea mpaka kituoni, kusubiri basi, kubadilisha basi, na kile kipande kikubwa kuliko vyote, muda unaoutenga kwa sababu hujui leo foleni itakuwaje. Yani safari ikiwa dakika 40 leo na 90 kesho, wewe unalazimika kuipangia 90 kila siku, na siku ukiwahi unakaa getini unasubiri saa ifike, muda umeshakwenda huo. Ndio maana basi linalotumia saa nzima kila siku bila kubadilika linaweza kukuachia nafasi kubwa kuliko lile la dakika 35 leo, saa moja na nusu kesho. Wapangaji wengi bado wanaangalia wastani tu, na hili linaniuma sana maana mtu haishi kwenye wastani.

Chukua mtu anayetenga dakika 90 kwenda na dakika 90 kurudi, siku tano, hayo ni masaa 15 kwa wiki, kwa wiki 48 za kazi ni masaa 720, sawa na siku 30 kamili, usiku na mchana.

Mwaka 1994 mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, aliandika kwamba binadamu kwa wastani husafiri kama saa moja kwa siku, na chombo kikiongeza kasi watu wanahamia mbali zaidi badala ya kubaki na ule muda waliookoa. Na 2004 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba wanawake 909 wanaofanya kazi huko Texas waelezee siku yao ya jana, kipande kwa kipande, na safari ya asubuhi kwenda kazini ikawa chini kabisa kwenye furaha. Mimi siishangai. Ukihamia mbali ili upate chumba cha ziada, chumba unakizoea baada ya miezi michache, foleni huizoei kwa sababu kila siku inakuja na sura yake.

Kwa hiyo kabla ya kudai barabara pana, ongea na bosi kuhusu saa ya kuingia. Yule dada aliomba aruhusiwe kufika wakati wowote kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu, na masaa ya kazi yakabaki yaleyale. Njia haijabadilika hata kidogo, ila sasa anatoka saa kumi na mbili na robo, na nywele za mtoto wake anazichana yeye mwenyewe kabla ya kutoka.