Kuinua Hilux ya zamani nyumbani: inchi mbili na pembe zake

Mwenye pikapu ya zamani akija gereji huwa na ombi moja: "Fundi, nipandishie gari." Kabla ya kugusa spana namweleza kwanza anachokinunua. Springi mpya zinainua chasisi na bodi tu. Ekseli inabaki palepale, na difu, lile bonge la gia lililo kwenye ekseli, itaendelea kugonga jiwe lilelile ililokuwa ikigonga jana. Difu huinuliwa na tairi. Ukitoa tairi la 225/75R16, lenye kipenyo cha takriban milimita 744, ukafunga la 235/85R16, lenye takriban milimita 806, difu imepanda milimita 31, yaani nusu ya tofauti. Kazi ya springi ni kulipatia tairi hilo nafasi ya kucheza bila kusugua madigadi, na kuliwezesha gari kuingia na kutoka korongoni bila kupiga bampa.

Gari ninalolizungumzia ni Hilux LN106, ile yenye injini ya dizeli iitwayo 3L, ya lita 2.8, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaendelea hadi 1997. Mbele ina ekseli nzima yenye springi za majani, kama nyuma. Marekani Toyota waliiacha ekseli hiyo ya mbele kuanzia modeli za 1986, lakini zilizoletwa kwetu ziliendelea nayo, na ndiyo sababu mtu mwenye vifaa vya kawaida anaweza kuifanya kazi hii uani kwake. Kama Hilux yako ina tosheni baa mbele, yaani fimbo za chuma zinazojisokota badala ya springi za majani, usifuate maelezo haya. Huko ukikaza bolti gari litapanda kweli, lakini tairi litakosa nafasi ya kushuka na jointi za ekseli zitafanya kazi kwa pembe mbaya.

Pima kabla ya kununua chochote. Paki gari mahali palipo sawa, shika futi, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi utakudanganya. Springi zilizobeba mahindi na saruji miaka 30 zimelala, na mara nyingi sehemu ya zile inchi 2 unazozinunua ni kimo ambacho gari lilikuwa nacho likiwa jipya. Jiulize pia gari linabeba nini kila siku. Springi iliyotengenezwa kwa kilo 500 za mzigo wa kudumu, ukiifunga kwenye gari linalotembea tupu, itakurusha mpaka uchukie barabara.

Najua wengi watauliza kuhusu kupeleka springi za zamani kwa mafundi chuma wazikunje upya au waongeze jani. Kukunja kwa nyundo, chuma kikiwa baridi, kunafaa kwa muda. Lakini ukiona mtu anawasha gesi na kuchoma jani mpaka liwe jekundu, chukua springi zako uondoke. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa. Moto wa gesi unaua ugumu huo, na jani litalala tena au litakatika pale pale lilipochomwa.

Jambo jingine nisilolikubali ni kuweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli ya mbele ili kupata urefu kwa bei rahisi. Nyuma vipo vya kiwandani na vinavumilika. Mbele, ukikanyaga breki kwa nguvu, ekseli inataka kujizungusha, na kipande kile kinaipa nguvu hiyo mkono mrefu zaidi. Hapo ndipo yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, hulegea na ekseli kuhama. Vilevile kurefusha sheko, vile vipande viwili vya chuma vinavyobembea mwisho wa springi, hakuleti faida kama watu wanavyodhani: ukiongeza inchi 4 kwenye sheko unapata kama inchi 2 tu katikati ya springi, na umeshaipindisha ekseli.

Sasa kazi yenyewe. Wiki moja kabla, anza kumwagia pini na nati zote mafuta ya kulegeza kutu, kila jioni. Pini ya springi ya mbele ndiyo itakayokusumbua kuliko kitu kingine chochote. Kutu inaishikisha na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, ile raba ya kwenye jicho (tundu la mwisho wa springi), vinakuwa kitu kimoja, na ukigonga unasikia raba inarudisha nyundo. Rudisha nati usawa wa mwisho wa pini kabla ya kugonga ili usiharibu meno. Ikikataa kabisa, ikate kwa grenda pembeni mwa springi, lakini kwanza angalia mpira wa breki na mabomba ya mafuta yamepita wapi.

Fanya ekseli moja kwa wakati, na upande mmoja kwa wakati, ili springi ya upande wa pili iendelee kuishika ekseli mahali pake. Weka vizuizi kwenye matairi yaliyobaki chini. Stendi za chuma zikae chini ya chasisi, na jeki ibebe ekseli. Ndugu yangu, usiweke tofali wala mawe. Tofali hupasuka ghafla, na aliye chini hana muda wa kutoka. Usilegeze yubolti kabla jeki haijaibeba ekseli, maana springi ikiwa bado na mvuto itaruka.

Ukishaitoa springi ya zamani, ilaze kando ya mpya. Angalia senta bolti, ile inayoshikanisha majani katikati: umbali wake hadi jicho la mbele ni sawa kwenye zote mbili? Kama si sawa, ekseli itakaa mbele au nyuma ya ilipotakiwa. Soma pia alama, kwa kuwa watengenezaji wengine hutofautisha ya upande wa dereva na ya upande wa abiria. Bushi mpya, pini mpya zenye grisi, na yubolti mpya. Yubolti ya zamani imeshavutika, na meno yake hayatashika kwa nguvu ileile. Zikaze kwa kupishanisha pembe, kidogo kidogo, halafu umalizie na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Pini za macho ya springi na za sheko ziache zishikane tu, usizikaze mwisho gari likiwa juu. Shusha gari, liegemee matairi yake, litikise, ndipo ukaze. Ukizikaza springi zikiwa zinaning'inia, raba ya bushi inabaki imejisokota kila siku ya maisha yake na itachanika mapema.

Springi zikishafungwa, watu wengi huosha mikono. Kwangu hapo ndipo nusu ya pili inaanza, kwa sababu kuinua gari ni kubadilisha pembe za kila kitu kinachounganisha chasisi na ekseli.

Anza na breki. Ekseli ikiwa imening'inia hadi mwisho, mpira wa breki usivutike hata kidogo, hata usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho kila upande. Ukivutika, nunua mrefu. Kisha ingia chini kwa nyuma, utaona fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu ya breki iliyofungwa kwenye chasisi. Valvu ile hupima mzigo kwa kuangalia chasisi imeshuka kiasi gani. Ukiinua gari inchi 2 inaamini gari ni tupu kabisa, na inapunguza nguvu ya breki za nyuma hata ukiwa umepakia. Gari litategemea mno breki za mbele na hutajua mpaka siku ya mteremko. Pandisha kishikio cha fimbo kilicho kwenye ekseli kwa kiasi kilekile ulichoinua gari. Ni kipande cha bapa chenye matundu mawili; sijui kwa nini kinasahauliwa kiasi hiki.

Shokapu lazima ziwe ndefu zaidi. Gari likisimama, shokapu iwe karibu na katikati ya mwendo wake, na raba ya kugotea iguse kabla shokapu haijafika mwisho wa kufunga.

Halafu usukani. Ekseli ya mbele imefungwa ikiwa imelala kidogo kwa nyuma upande wa juu, na mlalo huo, kasta, ndio unaofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Ukiinua na kasta ikapungua, gari linatangatanga kwenye lami, na kila basi likikupita linakusogeza. Dawa ni kabari ya chuma kati ya springi na ekseli, nyuzi 2 kwa kawaida, upande mnene ukielekea nyuma, pamoja na senta bolti ndefu kidogo. Chagua ya chuma, maana za aluminiamu hupasuka. Lakini kabari hiyohiyo inainamisha pua ya difu ya mbele, pale inapoingia propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu), na krosi, yaani jointi za shafti hiyo, zinapata pembe kali zaidi. Unarudisha usukani kwa gharama ya krosi. Ndiyo sababu nyumbani nasema inchi 2 zinatosha: hapo unaweza kupata vyote viwili. Ukienda inchi 4 utahitaji kazi ya kuchomelea ambayo haifai kufanyiwa uani.

Nyuma, kama propela shafti ina beringi ya katikati na gari linatetemeka unapoondoka na mzigo, ishushe beringi hiyo kwa kuweka vipande vya nafasi juu ya kishikio chake. Tetemeko likija kwa mwendo kasi tu, chunguza pembe za krosi mbili za mwisho, zinatakiwa zilingane.

Peleka gari alaimenti. Kama umebadilisha tairi, kumbuka spidomita sasa inasoma pungufu: kwa zile saizi nilizotaja juu, ukiona 80 unatembea karibu 87. Shusha na taa, maana pua iliyopanda inampiga mwenzako machoni usiku.

Baada ya kilomita kama 500 kaza tena yubolti zote, kisha shika ile karatasi yako upime pembe nne upya. Springi mpya hulala kidogo mwanzoni. Upande mmoja ukiwa chini ya mwingine kwa zaidi ya sentimita moja, angalia kwanza kama springi za kulia na kushoto hazijabadilishana.