Hebaria: mimea mikavu huhifadhiwaje, na kuidijitisha maana yake nini

Hebaria ni hifadhi ya mimea iliyobanwa, ikakaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu ili idumu miaka mingi. Kila karatasi hubeba tawi lenye majani, na likipatikana lenye maua au matunda ndiyo bora zaidi. Pembeni kuna lebo: jina la mmea, mahali ulipochumwa, kimo kutoka usawa wa bahari, tarehe, jina la mchumaji na namba aliyoupa. Lebo ikipotea, kinachobaki ni majani makavu tu. Duniani kuna hebaria zaidi ya 3,000, nazo kwa jumla zina vielelezo vinavyokaribia milioni 400.

Katika eneo letu kubwa kuliko zote ni Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyo ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi. Chimbuko lake ni Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Makusanyo yalihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Tanzania ina hebaria ya taifa Arusha na nyingine katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Uganda ina ya Makerere.

Mmea uliokaushwa vizuri hudumu karne kadhaa, lakini lazima ulindwe na unyevu na wadudu. Kazi huanzia porini: mchumaji hulaza tawi kati ya magazeti, hulibana kwa mbao na mikanda, kisha hubadilisha magazeti kila yanapolowa. Kwenye msitu wa mvua tawi huota ukungu upesi, kwa hiyo hulikausha juu ya jiko, au hulimwagia spiriti na kulifunga ndani ya plastiki hadi atakapofika penye moto. Ndani ya hebaria mharibifu mkubwa ni mbawakawa mdogo, yule yule anayetoboa tumbaku ghalani. Anaweza kuligeuza ua zima kuwa unga. Zamani karatasi zilipakwa kloridi ya zebaki, sumu kali, na ndiyo sababu vielelezo vya kale hushikwa kwa glavu mpaka leo. Siku hizi vielelezo hugandishwa kwenye friza kwa siku kadhaa kabla ya kuingizwa kabatini.

Moto hauzuiliki kwa friza. Mwanzoni mwa Machi 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hebaria ya Berlin-Dahlem. Humo ndimo vilimokuwa vielelezo vingi vilivyochumwa Tanganyika wakati wa Wajerumani, vikiwamo vielelezo vya msingi, yaani zile karatasi ambazo wanasayansi walizitumia kuipa spishi jina lake. Wataalamu wakibishana kama mmea fulani ni spishi ile au nyingine, karatasi hiyo ndiyo huamua. Kilichookoa baadhi ya elimu hiyo ni nakala: matawi mengine ya mmea ule ule yaliyokuwa yametumwa mapema kwenye hebaria za miji mingine.

Kudijitisha ni kuongeza nakala ya aina nyingine. Karatasi hupewa msimbo wake, kisha hupigwa picha kwa kamera au skana yenye ubora wa kuonyesha hata vinyweleo vya jani. Kwa kuwa kielelezo hakifai kugeuzwa kifudifudi, mradi uliodijitisha vielelezo vya msingi vya mimea ya Afrika mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulitumia skana iliyopinduliwa: kioo kinatazama chini, na karatasi inainuliwa taratibu mpaka inakikaribia.

Picha, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi. Kazi nzito ni kuiandika lebo upya kwenye kompyuta na kuliweka jina la mahali kwenye ramani, na hapo naamini watu wa huku hawana mbadala. Lebo za kale zimeandikwa kwa mkono, kwa Kijerumani, zikiwa na majina ambayo ramani za leo hazina. Wilhelmsthal ni Lushoto. Bismarckburg ni Kasanga. Langenburg zilikuwa mbili: ya kwanza kando ya Ziwa Nyasa, ya pili ni Tukuyu, mita elfu moja na zaidi juu ya ziwa. Mwandishi asiyejua tofauti hiyo ataupeleka mmea wa baridi ya mlimani kwenye joto la ufukweni, na kila atakayechora ramani ya mmea huo ataurithi upotofu huo. Baadhi ya lebo zina pia majina ya Kisambaa, Kinyakyusa au Kiswahili, yaliyoandikwa na mgeni kama alivyoyasikia. Mzungumzaji wa lugha hiyo huyatambua papo hapo.

Faida yake si ya nadharia. Erythrina schliebenii, mti wa jamii ya kunde wenye maua mekundu na miiba kwenye shina, ulijulikana kwa vielelezo vilivyochumwa Lindi miaka ya 1930. Mwaka 1998 ulitangazwa kuwa umetoweka. Mwaka 2001 ulionekana tena katika msitu wa Namatimbili, Kilwa. Kuutambua mti ambao walio hai hawajauona kunahitaji kitu cha kulinganisha nao, na kitu hicho ni karatasi ya hebaria. Zamani mtafiti wa Dar es Salaam alilazimika kusafiri hadi Ulaya ili aione; sasa anaweza kuifungua kwenye skrini.

Lakini picha haichukui nafasi ya jani. Haina DNA ya kupimwa, na ua lililojikunja haliwezi kulainishwa kwa maji ya moto ili lifunguliwe na kuhesabiwa sehemu zake. Makumbusho itakayoacha kabati zake zivuje kwa sababu picha zimekwisha kupigwa itakuwa imepoteza mali yenyewe.

Tena si kila kitu kwenye lebo kinafaa kuanikwa. Okidi adimu na misandali huwindwa na wafanyabiashara haramu, na kuonyesha mahali hasa ilipo ni kuwaelekeza. Hebaria makini huionyesha picha yote lakini huficha vipimo vya mahali, ikiacha jina la wilaya tu. Mtafiti anayehitaji zaidi humwandikia mtunza hebaria na kueleza anavitakia nini.