Switch 2 ukiwa Mwanza: angalia nafasi ya kuhifadhi gemu kabla ya kasi

Tangu Nintendo watoe mashine yao ya gemu, Switch 2, tarehe 5 Juni 2025, wateja wangu wa mtaa wa Makoroboi wananiuliza kama ina nguvu za kushindana na PlayStation 5. Haina, lakini mimi ningeanza na maswali mengine: umeme, bando na televisheni uliyonayo.

Umeme ndio unaonifanya niipende. Ina betri ya mAh 5,220, na Nintendo wanasema inakaa kati ya saa 2 na saa 6 na nusu kutegemea gemu. Umeme ukikatika unaichomoa kwenye doki (kituo kinachoiunganisha na TV) na kuendelea kucheza mkononi. Mashine isiyo na betri huzimika papo hapo, na kama ilikuwa inaandika data, gemu uliyohifadhi inaweza kuharibika.

Kioo chake ni cha inchi 7.9, ukali wa picha 1080p, hadi fremu 120 kwa sekunde. Ikiwa kwenye doki inatoa picha kali zaidi, hadi 4K. Ila televisheni nyingi za inchi 32 ninazozikuta sebuleni kwa watu ni za 720p tu, kwa hiyo picha ya mkononi inakuwa safi kuliko ya ukutani! Kama TV yako ni ya namna hiyo, usiinunue kwa ajili ya 4K.

Sasa hifadhi, na hapa naomba usome taratibu. Ndani kuna GB 256, wakati Switch ya kwanza ilikuwa na 32. Ukitaka kuongeza, lazima kadi iwe microSD Express. Kadi za kawaida tunazoweka kwenye simu zitakuhamishia picha na video ulizorekodi tu, hazibebi gemu. Ukiwa dukani igeuze kadi: Express ina safu mbili za pini nyuma. Lakini safu mbili peke yake si ushahidi, maana kadi za UHS-II, aina nyingine ya kadi za kasi, nazo zinazo, na hizo hazitakusaidia. Hakikisha limeandikwa jina Express au EX.

Kisha kuna kadi za gemu zenyewe. Cyberpunk 2077 imo nzima ndani ya kadi ya GB 64. Street Fighter 6 imekuja kwa kadi yenye ufunguo tu: unaichomeka, mashine inaingia intaneti na kuvuta gemu yote. Ukishaifungua mara ya kwanza ukiwa na mtandao, baadaye unacheza bila bando, lakini kadi ibaki imechomekwa. Mtu wa Ukerewe aliyevuka na kivuko kuja kununua gemu mjini, akirudi Nansio na kadi ya hivyo bila bando la kutosha, jioni hiyo hachezi. Tazama mbele ya boksi, sehemu ya chini: kuna alama ya ufunguo pamoja na nafasi inayohitajika. Naona ni utaratibu mbaya kwa nchi ambayo wengi wetu tunanunua intaneti kwa GB.

Padi zake, Joy-Con 2, zinashikwa na sumaku, na ukiilaza moja kwa ubavu mezani inafanya kazi ya mausi. Analogi, yaani vijiti vya kuelekezea, bado ni za kusuguana, si za sumaku, kwa hiyo zinaweza kulika na kuanza kuvuta upande mmoja. Betri ya mashine imegandishwa kwa gundi kali. iFixit, wanaofungua vifaa na kuvipima, waliipa mashine alama 3 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengeneza. Usikubali fundi aibandue betri kwa bisibisi. Inataka joto la taratibu na subira.

Mnaokaa Kirumba, Igombe na kandokando ya ziwa, jueni kwamba doki nayo ina feni. Wale vijidudu vya ziwani wanapopanda kama moshi hufuata taa, na feni huwavuta ndani. Iweke mbali na dirisha na taa, na usiku ichomoe.

Kwa mnaoagiza Japani: kuna toleo la huko lililoingia sokoni kwa yen 49,980, lenye Kijapani pekee na linalopokea akaunti za Japani tu. La lugha nyingi lilikuwa yen 69,980. Bei ikiwa chini sana, omba picha ya boksi na uulize ni toleo lipi kabla ya kutuma pesa.