Shimo halikukata springi yako

Jumatatu asubuhi dereva wa Hiace ya abiria aliingia gerejini kwangu hapa Busia, upande wa Uganda, gari limelalia kushoto nyuma. Hata salamu hazijaisha: "Fundi, shimo la kule Bugiri limenikatia springi." Wiki hiyo alikuwa wa tatu kuniambia hivyo, na leo nimeamua kuliandika.

Springi hii ni rundo la vyuma virefu vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine; kila kimoja tunakiita jani. Jani zima la springi, lisilo na ufa, halikatwi na shimo moja. Shimo baya litapinda rimu, litapasua tairi, litararua bushi, ile mipira ya kwenye viungo. Jani lenyewe limeumbwa lijikunje na kurudi, siku nzima, miaka. Likikatika, mara nyingi ufa ulikuwemo zamani.

Nilifungua, nikatoa kile kipande, nikakiosha kwa petroli na brashi laini. Brashi ya waya hapana! Wala usivigonganishe vipande viwili kutazama kama vinaoana, maana utaziharibu alama zote unazozitafuta. Nikamwita dereva tukasimama juani. Pembeni mwa tundu la boliti ya katikati, ile inayoshikanisha majani, palikuwa na doa jeusi, laini, kubwa kama ukucha wa dole gumba, lina mistari ya kupinda kama gamba la konokono. Kwingine kote chuma kilikuwa cha kijivu, chembechembe zinametameta kama sukari. Doa jeusi ndio ufa wa zamani, maji na vumbi vimeshaingia. Mistari ile ni hatua za ufa ulivyokuwa ukisonga mbele. Panapometa ndipo palipokatika siku ile, na hapo tu ndipo shimo lina kesi.

Sasa mahali lilipokatikia, jambo ambalo mafundi wengi hulipita na linanikera kuliko yote. Yuboliti, yaani boliti zenye umbo la U zinazobana majani kwenye ekseli, zikikaza sawasawa, sehemu ya katikati ya majani inabanwa na ekseli, haijikunji, hata kama ina tundu. Jani likikatikia kwenye tundu lenyewe, shuku yuboliti zilizolegea kabla hujaitukana barabara. Likikatikia nje kidogo ya pale yuboliti zinapobana, fikiria mzigo. Likikatikia palepale ncha ya jani lingine inapogusa, uliza nani aliongeza jani. Wenye magari ya matoke wanapenda sana kuongeza jani ili gari lisikae chini, na fundi anaokota lolote lililopo, mkunjo wake haufanani na wenzake. Ncha yake inalikandamiza jani la jirani mahali pamoja, safari baada ya safari. Hata likikaa vizuri, ugumu ule hauishii hapo: unahamia kwenye bushi, shekeli (kile kiungo kinachoshika ncha ya springi) na chesisi, fremu ya gari.

Kuchomelea jani lililokatika: usifanye. Moto unaua ugumu wa chuma pale pale unapotaka kiwe imara. Na shokapu, ile inayotuliza gari lisirukeruke, kwa gari la springi za kawaida haibebi uzito. Gari likikaa chini usikimbilie kununua shokapu.

Kuna mahali nami ninakwama. Nikikuta yuboliti zimelegea na jani limekatikia tundu, si kila mara naweza kuapa kipi kilianza. Jani likishakatika, majani hucheza na kusagana, rundo linapungua unene, na yuboliti zilizokuwa zimekaza nazo zinalegea. Hapo natazama pale majani yanapobanana: nikikuta pameng'aa kwa kusuguana, pana unga mwekundu wa kutu, na tundu limepanuka kuwa kama yai, naegemea kwenye yuboliti. Gari likiwa limetembezwa siku nne na springi iliyokatika, nyuso zimesagana zote, namwambia mwenye gari wazi kwamba ushahidi umekwisha.

Kwa huyu wa Jumatatu ushahidi ulikuwepo. Nati mbili kati ya nne niliziona zinazunguka kwa spana bila kutumia nguvu. Nikamuuliza, majani haya yaliwekwa lini? Mwezi wa tatu, gereji nyingine. Ulirudi wakakaza nati baada ya safari za kwanza zenye mzigo? Majani mapya hukaa, rangi na uchafu katikati yake hubanwa, nati zinabaki na nafasi.

"Hakuna aliyeniambia nirudi, fundi."

Nimemwekea jani jipya na yuboliti mpya, nikazikaza kwa spana inayopima nguvu ya kukaza, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ijumaa akitoka Jinja anapitia hapa kwanza, nizikaze tena kabla hajapakia.