Game Boy haikukosa rangi kwa kukosa teknolojia

Wengi huamini Game Boy, kifaa cha mkononi cha michezo ya video cha Nintendo kilichotoka 1989, haikuwa na rangi kwa sababu skrini ndogo za rangi hazikuwapo bado. Zilikuwapo. Atari Lynx, kifaa pinzani cha mkononi, ilitoka mwaka huohuo ikiwa na rangi, tena na taa nyuma ya kioo. Tatizo lilikuwa ulafi wa umeme: betri zake 6 za AA ziliisha kwa saa 4 au 5 tu, ilhali Game Boy ilipita saa 10 kwa betri 4. Gunpei Yokoi, mbunifu wa Nintendo, na wenzake walichagua kwa makusudi vipuri vya bei nafuu vilivyokwisha kuzoeleka. Game Boy haikuwa na taa, hivyo gizani ulikuwa huoni kitu, na hiyo ni kasoro kweli. Taa ilikuja 1998 katika Game Boy Light, iliyouzwa Japani pekee.