Amitriptilini: maswali na majibu kwa wagonjwa na familia zao mjini Bukavu

Nimeandikiwa amitriptilini kwa sababu miguu yangu inawaka kama moto usiku. Muuza dawa ameniambia kwamba hiyo ni dawa ya wagonjwa wa akili. Je, daktari anadhani nina wazimu?

Hapana, na inasikitisha kwamba maneno ya namna hiyo huwafanya watu waiache dawa ambayo ingewasaidia. Amitriptilini, inayouzwa pia kwa jina la Laroxyl, ni ya mojawapo ya makundi ya kwanza ya dawa za kutibu sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, inayomnyima mtu usingizi, hamu ya kula na nguvu ya kufanya kazi. Kundi hilo lilianza kutumika baada ya Roland Kuhn, daktari wa magonjwa ya akili nchini Uswisi, kugundua katika miaka ya 1950 kwamba imipramini, dawa ya kundi hilo, iliwainua wagonjwa wa sonona. Baadaye ilibainika kwamba amitriptilini, kwa kipimo kidogo, hutuliza maumivu yanayotoka kwenye neva zenyewe, kama vile miguu ya mwenye kisukari inayowaka, au maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, ambao wengine huuita zona. Humpunguzia pia mashambulizi mtu anayesumbuliwa mara kwa mara na kipandauso. Katika hali zote hizo dawa huongeza nguvu ya serotonini na noradrenalini, kemikali ambazo neva hutumia kupashana habari.

Dada yangu ameimeza kwa siku kumi. Kinywa kimemkauka, anasinzia mchana, na huzuni iko palepale. Aendelee?

Kama hana dalili za hatari nitakazozitaja hapa chini, aendelee, na arudi kwa aliyemwandikia ili amweleze hali yake. Dawa hii huanza na usumbufu, kisha nafuu hufuata. Kinywa hukauka tangu siku za kwanza, ilhali huzuni huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kulegea, na wakati mwingine hufika wiki ya sita. Usingizi wa usiku ndio mara nyingi hutangulia kurudi. Mtu asiyeelezwa jambo hili huitupa dawa katika wiki ya pili, akiamini kwamba imemdhuru bure, wakati alikuwa karibu kufika.

Kipimo nacho kinahitaji kufuatiliwa. Kwa kawaida mtu mzima huanza na miligramu 25 jioni, kisha daktari huongeza kidogo kidogo, na kwa sonona wengi hufikishwa miligramu 100 hadi 150 kwa siku. Wazee hupewa kipimo cha chini zaidi. Kwa maumivu ya neva, miligramu 10 hadi 75 mara nyingi hutosha. Kwa hiyo mtu mzima mwenye sonona aliyeachwa kwenye miligramu 25 kwa miezi kadhaa, kisha akaambiwa kwamba dawa imeshindwa, kwa maoni yangu hajatibiwa bado. Asijiongezee mwenyewe, bali aombe kupimwa upya.

Katika wiki hizo za kwanza familia iwe karibu naye, hasa ikiwa hajafikisha miaka 25, kwa kuwa mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kabla hali haijatulia. Akianza kusema kwamba maisha hayana maana, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Madhara yake ni yapi, na tuyavumilie vipi?

Ya kawaida ni kinywa kukauka, choo kuwa kigumu, macho kuona ukungu, mkojo kutoka kwa shida, usingizi wa mchana, jasho, kuongezeka uzito, na kizunguzungu mtu anaposimama ghafla. Hilo la mwisho lisidharauliwe katika mji wa milima kama wetu: anayeamka alfajiri na kushuka mara moja vijia vya Kadutu anaweza kuanguka vibaya, hivyo akae kwanza kitandani dakika chache kabla ya kusimama. Dereva wa pikipiki asubiri ajue dawa inamfanyaje kabla ya kurudi barabarani. Kuimeza saa moja au mbili kabla ya kulala hupunguza uchovu wa asubuhi. Maji ya mara kwa mara, maharagwe, sombe na matunda husaidia choo; meno yasuguliwe vizuri zaidi, kwa sababu kinywa kikavu huyaozesha haraka. Pombe iachwe, iwe kasiksi, bia au kanyanga, kwani huzidisha usingizi kwa kiasi cha hatari.

Dalili za kukimbilia hospitalini ni mkojo kuziba kabisa, jicho kuwa jekundu lenye maumivu makali, moyo kwenda mbio au kurukaruka, kuzimia na degedege. Mtu akianza kuchangamka kupita kiasi, halali na hachoki, huenda ana ugonjwa wa akili wa vipindi viwili, yaani vya huzuni nzito na vya kuchangamka kupita kiasi, unaohitaji matibabu mengine. Mjini Bukavu kituo cha SOSAME, kilichoanzishwa na Frères de la Charité, shirika la mabruda Wakatoliki, hushughulikia wagonjwa wa aina hiyo.

Nikipata malaria, je?

Mwambie muuguzi kabla hajakuandikia dawa. Kwinini, na pia artemeta yenye lumefantrini, zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo zikikutana na amitriptilini. Malaria lazima itibiwe, lakini anayekutibu ajue unachomeza. Tramadoli, dawa ya maumivu inayonunuliwa ovyo bila ordonansi, huongeza hatari ya degedege. Wanaotibiwa kifua kikuu waseme pia, kwani rifampisini hupunguza nguvu ya amitriptilini, na linezolidi haifai kuchanganywa nayo bila uangalizi wa karibu.

Nani asipewe?

Aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni au mwenye mapigo ya moyo yasiyo sawa. Mwenye kifafa, presha ya macho au tezi dume iliyovimba, pamoja na mama mjamzito, waamuliwe na daktari.

Nimepona. Naweza kuacha?

Si kwa ghafla. Kwa sonona, matibabu huendelea kwa miezi 9 hadi 12 baada ya nafuu, kisha kipimo hupunguzwa polepole kwa wiki nne au zaidi. Anayekatisha hupata kichefuchefu, wasiwasi na usingizi mbaya.

Vidonge tuvihifadhi wapi?

Ndani ya sanduku lenye kufuli. Amitriptilini ikizidi huua kwa kuusimamisha moyo, na kwa mtoto mdogo vidonge vichache vinatosha. Kama nyumbani kuna mtu aliyewahi kutaka kujidhuru, ombeni mpewe dozi ya wiki moja tu kila mara, na ndugu mmoja azishike. Mtoto akimeza, msimtapishe wala msimpe maziwa; mpelekeni hospitalini papo hapo hata kama anacheza, maana hali inaweza kubadilika ndani ya saa chache, na mbebe boksi la dawa ili daktari ahesabu vilivyobaki.