Kujikuna Si Ushahidi wa Uzinzi
Pale steji ya boda Kondele, Kisumu, mwanamume akijikuna kinenani wenzake humcheka: "Umeokota ugonjwa wa zinaa!" Mara nyingi ni fangasi tu. Longi nzito ya jinzi, kiti cha pikipiki kutwa nzima, na joto la Kisumu mnalijua: jasho hukwama, fangasi hustawi. Huweza hata kutoka vidole vya miguu, ikibebwa na boksa unapoivaa. Basi vaa soksi kabla ya boksa (ucheke tu). Oga, jikaushe kabisa. Krimu ya klotrimazoli, dawa ya fangasi, husaidia, ila usiache pindi mwasho unapotulia. Krimu zenye steroidi pekee (dawa za kutuliza mwasho, zisizoua fangasi) hueneza fangasi. Mwasho ukizidi usiku na nyumba nzima mnajikuna, huenda ni upele wa kuambukizana (skabi): mtibiwe wote. Vidonda au usaha? Hapo kapimwe.